“Baba” inapogeuka “mama”: namna usemi wa mtu mzima unavyopimwa baada ya ubongo kuumia

Wanaume wawili wamelazwa wodi moja, vitanda vyao vinatazamana. Wote walipata kiharusi juma lililopita, na kwenye faili la kila mmoja kuna sentensi moja tu kuhusu usemi: “Haongei vizuri.” Ndugu wakiuliza, wanajibiwa kwamba ulimi umekuwa mzito, utafunguka taratibu.

Sasa kaa na kila mmoja dakika kumi. Wa kwanza, ukimwuliza ana wajukuu wangapi, anakujibu, na jibu ni sahihi. Ila maneno yanavutika, yanashikana, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino na mdomo bado una ganzi. Mpe kalamu kwa mkono ulio mzima, ataandika anachotaka bila kukosea. Wa pili ulimi wake hauna shida yoyote. Anautoa, anaupeleka kushoto na kulia, analamba mdomo. Lakini mwonyeshe ufunguo umwulize ni nini: “Hicho... cha mlango... kisu. Hapana. Kisu.” Kila sauti inatoka safi, neno ndilo limepotea. Kalamu haimsaidii, maana hata kwenye karatasi neno halipo.

Wa kwanza ameumia kwenye usemi, wa pili ameumia kwenye lugha. Kuwatia kapu moja ni kosa kubwa, kwa sababu mazoezi yatakayomfaa mmoja hayatamfaa mwenzake hata kidogo. Tena la kuumiza zaidi, yule wa kwanza mara nyingi hugeuzwa mtoto: watu humpazia sauti, humkatiza, humwamulia mambo yake, ilhali akili yake na maneno yake yote yamo humo ndani kamili.

Neno, mpango, misuli

Ili mtu aseme “nataka maji”, kazi tatu lazima zifanyike. Ya kwanza ni kupata maneno na kuyapanga. Ya pili ni kupanga mwendo: ulimi uguse ufizi kwa ajili ya “n”, kaakaa laini lishuke ili hewa ipite puani, kisha lipande haraka kabla ya “t”, na yote hayo yafuatane bila kugongana. Ya tatu ni utekelezaji wenyewe, amri kushuka kwenye neva hadi kwenye misuli ya kifua, koo, kaakaa, taya, ulimi na midomo. Katika mazungumzo ya kawaida mtu hutoa sauti zaidi ya kumi kwa sekunde. Hakuna nafasi ya kufikiria kila mwendo.

Ikivunjika kazi ya kwanza, hiyo ni afasia. Ikivunjika ya pili, ni apraksia ya usemi: misuli ina nguvu, maneno yapo, lakini ramani ya kuyatamka imevurugika. Ikivunjika ya tatu ni disathria, yaani misuli yenyewe imelegea, imekakamaa, imepoteza ulinganifu au inajiendea. Hizi mbili za mwisho ndizo hasa tunazozizungumzia hapa. Kwa bahati mbaya haziji kila moja peke yake. Apraksia, hasa, huandamana sana na afasia, kwa kuwa kwa watu wengi zote mbili hutokana na madhara ya upande wa kushoto wa ubongo.

Sikio kwanza

Mwaka 1969 wataalamu watatu wa Mayo Clinic, huko Minnesota nchini Marekani, Frederic Darley, Arnold Aronson na Joe Brown, walichapisha kazi ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa fani hii. Walichukua rekodi za sauti za wagonjwa 212 ambao maradhi yao ya neva yalikuwa yanajulikana, wakazisikiliza moja moja na kuzipa alama kwa sifa 38: ukubwa wa sauti, kasi, king'ong'o, pumzi, mkazo, konsonanti zinazolegea, irabu zinazopinda. Wakaona kwamba sifa hizo haziji ovyo. Huja kwa makundi, na kila kundi lina kwao katika mfumo wa neva.

Kwa maneno mengine, namna mtu anavyoharibika usemi inaeleza mahali alipoumia. Kwetu sisi hili si jambo la vitabuni tu. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Mashine za CT scan, zile za kupiga picha ya ndani ya ubongo, ziko mijini, na wataalamu wa tiba ya usemi wanahesabika. Sikio lililofunzwa la muuguzi, la ofisa tabibu au la mtaalamu wa mazoezi ya viungo linaweza kumpeleka mgonjwa mahali sahihi mapema.

Ila kabla ya kupima lolote, kuna swali ambalo ni ndugu tu wanaoweza kulijibu: alikuwa anaongeaje zamani? Kuna mtu ana kithembe tangu utotoni. Kuna aliyevunjika meno ya mbele miaka ishirini iliyopita. Kuna aliyeletwa hospitali mbio, meno yake ya bandia yakabaki nyumbani kwenye kikombe, na nusu ya “disathria” yake inaondoka siku anapoletewa. Siku hizi tuna hazina ambayo Darley na wenzake hawakuwa nayo: sauti za WhatsApp. Mwombe binti wa mgonjwa akuchezee ujumbe wa sauti ambao baba yake alimtumia mwezi mmoja kabla. Sekunde thelathini za “hujambo mwanangu, hela nimeiona” zinatoa kiwango cha kulinganishia kuliko maelezo marefu ya watu kumi.

Kutoka kifuani hadi midomoni

Upimaji wenyewe hufuata njia inayopitwa na hewa. Huanzia kwenye pumzi. Zoezi moja ninalolipenda kwa urahisi wake linahitaji glasi ya maji na mrija. Ncha ya mrija izamishwe sentimita 5 chini ya maji, mgonjwa apulize mapovu mfululizo kwa sekunde 5. Akiweza, kifua chake kina msukumo unaotosha kwa mazungumzo ya kawaida. Asipoweza, tazama kwanza kama midomo inavujisha hewa au inatokea puani, ndipo ulaumu kifua.

Kisha sauti. Avute pumzi aseme “aaaa” kadiri anavyoweza. Mtu mzima mwenye afya hufika sekunde 15 na kuendelea bila taabu, ingawa wazee hupungukiwa. Muda si kila kitu. Sikiliza sauti yenyewe. Inavuja pumzi? Inakwaruza? Imebanwa kama mtu anayenyanyua gunia? Inatetemeka? Halafu mwambie akohoe. Kikohozi dhaifu kisicho na mshindo kinaonyesha kwamba huenda nyuzi za sauti hazikutani sawasawa, na hapo ujue hatari haiko kwenye usemi peke yake. Mtu wa namna hiyo anaweza kupaliwa na chai ikaingia mapafuni bila hata kukohoa. Disathria na shida ya kumeza ni ndugu wa karibu. Anayekuta moja autafute ugonjwa wa pili kabla ya kuruhusu uji uletwe kitandani.

Sasa kaakaa laini, lile pazia la nyuma linalofunga njia ya puani. Hapa Kiswahili kinatupa kipimo ambacho hakihitaji kifaa. Mwambie aseme “baba, baba, baba”, kisha “dada, dada, dada”. Kaakaa likiwa limelegea, hewa inakwepa kupitia puani, na sauti “b” inageuka “m”, “d” inageuka “n”. Unasikia “mama, mama”, “nana, nana”. Sasa mbane pua taratibu kwa vidole viwili na arudie. Kama “baba” imerudi, umepata jibu. Kioo kidogo kikishikwa chini ya pua nacho kitapata ukungu pale ambapo hakikupaswa. Nimeona mke wa mgonjwa akilia kwa faraja wakati wa jaribio hili dogo: wiki nzima alidhani mumewe amechanganyikiwa kwa sababu alipouliziwa marehemu baba yake alikuwa akijibu “mama”.

Ulimi hutolewa nje. Ukielekea upande mmoja, upande huo ndio dhaifu. Ukiwa umesinyaa na kuna vijimisuli vinavyochezacheza kama minyoo chini ya ngozi ilhali ulimi umetulia mdomoni, shida iko kwenye neva yenyewe au chanzo chake kwenye shina la ubongo. Uso nao una siri yake. Mwambie akunje paji la uso. Mdomo ukiwa umekwenda upande lakini paji linakunjika pande zote mbili, athari iko juu, ubongoni. Paji likigoma upande ule ule wa mdomo, mara nyingi ni neva ya uso iliyoumia njiani.

Baada ya hapo ndipo kasi. “Pa-pa-pa-pa”, haraka na sawasawa awezavyo. Halafu “ta-ta-ta”, halafu “ka-ka-ka”. Mtu mzima mwenye afya hutoa silabi tano hadi saba hivi kwa sekunde. Wengi huhesabu wakaishia hapo, na wanakosa uhondo wote, kwa sababu mdundo unaeleza mengi kuliko hesabu. Zikija polepole lakini kwa mdundo uliopangika, fikiria ukakamavu. Zikija kwa kuyumba, moja ndefu moja fupi, moja kwa nguvu moja hafifu, mfano wa ngoma inayopigwa na mtu asiyejua, fikiria ubongo mdogo ule wa kisogoni. Zikianza vizuri kisha zikakimbia na kufifia mpaka zikawa mnong'ono, fikiria Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mikono na kukakamaza mwili.

Mwisho aunganishe: “pa-ta-ka, pa-ta-ka”. Wazee wengi huona huu ni upuuzi, na sioni sababu ya kuwalazimisha. Neno “kitabu” likirudiwa haraka linaupeleka ulimi kutoka nyuma kwenda mbele mpaka midomoni, ni neno la kweli, na halimdhalilishi mtu.

Kitenzi kinachorefuka

Apraksia inahitaji mtego wa aina nyingine, kwa sababu ulimi ukiukagua peke yake unakuta ni mzima. Kinachomshinda mgonjwa ni kupanga mwendo mrefu. Kwa hiyo hupewa maneno yanayozidi kurefuka, na hapa lugha yetu ina utajiri ambao Kiingereza hakina. Soma. Somesha. Someshana. Wamesomeshana. Hawajasomeshana. Mzizi ni ule ule, mzigo unaongezeka hatua kwa hatua.

Mwenye disathria atakosea kwa namna inayofanana tangu “soma” hadi “hawajasomeshana”: “s” iliyolegea italegea kote. Mwenye apraksia atasema “soma” vizuri, kwenye “someshana” ataanza kupapasa, midomo ikitafuta mahali pa kuanzia bila sauti, atasema “so... sho... some... sha... na”, silabi zikitengana kama hatua za mtu anayevuka mto juu ya mawe. Anajua amekosea. Unaliona usoni mwake, anatikisa kichwa, anarudia. Kisha mwambie ahesabu moja hadi kumi, au ataje siku za juma, au asome Al-Fatiha au Baba Yetu kama ni mtu wa dini. Yanaweza kumiminika. Familia huona kama anaigiza: “Mbona sala anaisema?” Hapana. Maneno yaliyozoeleka kwa miaka hamsini hayaombi mpango mpya, yanajitokea. Sentensi mpya ndiyo inayoomba mpango, na kiwanda cha mipango ndicho kilichoungua.

Sura za disathria

Kiharusi cha upande mmoja wa ubongo huacha mara nyingi disathria nyepesi, kwa kuwa misuli mingi ya usemi hupokea amri kutoka pande zote mbili. Sehemu ya chini ya uso na ulimi ndizo zinazodhurika zaidi, na wengi wa hawa hupata nafuu ndani ya wiki chache. Pande zote mbili zikiumia, labda kiharusi cha pili baada ya cha kwanza, sauti inabanwa, usemi unakuwa wa kukokota, na mgonjwa anaweza kuangua kilio au kicheko bila sababu. Hicho kilio si lazima kiwe huzuni, na ndugu wanastahili kuambiwa hivyo.

Neva zenyewe zikidhurika, kila kitu kinalegea: king'ong'o, pumzi inavuja, ulimi unasinyaa. Kuna ugonjwa mmoja wa kundi hili, myasthenia gravis, unaoponyoka kirahisi. Mgonjwa akikaa mbele yako anaongea vyema. Mwache ahesabu bila kupumzika hadi mia. Kufikia sitini sauti inaingia puani, kufikia themanini hasikiki, na akipumzika dakika chache usemi unarudi. Asiyempa mtu huyu muda wa kuchoka atamrudisha nyumbani akisema hana ugonjwa.

Ubongo mdogo ukiumia, mtu huongea kama mlevi. Nalisema hili kwa uchungu, maana watu hawa hushushwa kwenye daladala, hufukuzwa kazini, huitwa majina, na hawajawahi kuonja pombe. Sikiliza mkazo wao. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuna maneno machache yanayotofautiana kwa mkazo tu: barabara ya magari, na barabara ya “sawasawa kabisa”. Mwenye tatizo hili hugonga kila silabi kwa uzito ule ule, ba-ra-ba-ra, na hizo mbili zinakuwa neno moja.

Parkinson inakula kiimbo na ukubwa wa sauti. Kwetu hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu “Amekuja” na “Amekuja?” hazitofautiani kwa neno wala kwa mpangilio, zinatofautiana kwa kupanda kwa sauti. Mzee anauliza, “Chakula kiko tayari?” Nyumba nzima inasikia taarifa, hakuna anayejibu, mzee anaona amedharauliwa. Mara nyingi yeye mwenyewe anaamini anaongea kwa sauti ya kawaida na kwamba mkewe ndiye aliyeanza kuwa kiziwi.

Zimo pia zile ambazo misuli inajiendea bila kuamriwa, kama katika ugonjwa wa Huntington, na zile mchanganyiko, ambazo mfano wake mkuu ni ugonjwa wa neva za mwendo, ulegevu na ukakamavu vikikaa katika ulimi mmoja.

Lugha ya nani?

Vipimo vingi vinavyotumika duniani vilitungwa kwa Kiingereza. Kimojawapo, cha Frenchay, kilitungwa na Pamela Enderby huko Bristol, Uingereza, na kilichapishwa mwaka 1983. Sehemu zake za kukagua midomo, ulimi na kumeza zinafaa popote, kwa sababu ulimi ni ulimi. Lakini orodha ya maneno na vifungu vya kusoma haviwezi kutafsiriwa tu. Kiswahili kina “mb”, “nd” na “ng'” mwanzoni mwa neno, kina silabi zinazoishia na irabu, kina “gh” na “dh”. Kifungu cha kusoma lazima kivibebe hivyo vyote.

Halafu kuna lugha ya kwanza ya mgonjwa. Anayesema “selasini” badala ya “thelathini”, au “kura” anapokusudia “kula”, pengine anaongea tu kama alivyoongea maisha yake yote huko kwao. Hiyo si dalili. Mpime pia kwa Kichaga chake, Kisukuma chake, Kikamba chake, ndugu akisikiliza pamoja nawe. Disathria itamfuata kwenye kila lugha anayoijua, kwa sababu misuli ni ile ile. Lugha moja ikiwa nzuri na nyingine imevunjika vibaya, anza kuifikiria afasia.

Kipimo cha mwisho ndicho mgonjwa mwenyewe anachokijali: anaeleweka? Rekodi sentensi kumi kwa simu, umpe mtu asiyemjua aandike anachosikia, uhesabu maneno aliyoyapata. Usimtumie mkewe. Mke aliyeishi naye miaka thelathini anaelewa nusu kwa masikio na nusu kwa mazoea. Linganisha majibu ya hao wawili, na ile tofauti iliyopo katikati ndiyo ukubwa wa dunia aliyoipoteza: dukani, kwenye simu, kwenye kikao cha ukoo.

Na humo humo kwenye kupima, jaribu kinachosaidia. Mwenye Parkinson umwambie aongee kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Wengi sauti yao inafunguka papo hapo, na silabi zinanyooka zenyewe. Mwenye ubongo mdogo ulioumia umpunguzie kasi kwa kugonga meza kila neno. Wa kwanza kati ya wale wanaume wetu wawili alipewa kipande cha boksi kilichoandikwa herufi za alfabeti kwa kalamu ya wino mzito. Kabla ya kila neno, aguse herufi yake ya kwanza. Kugusa kunampunguzia kasi, na kunampa msikilizaji pa kuanzia.

Jioni ile mkewe alikuwa pembeni ya kitanda na chupa ya chai. Mzee akaweka kidole kwenye N, akavuta neno. Akaweka kwenye K, akalivuta lingine.

“Nataka kahawa,” mkewe akarudia, mara ya kwanza tangu Jumapili bila kumwomba aseme tena. “Kahawa mpaka wakupime kumeza, baba Asha.”

Kidole kikaenda kwenye L, kikatulia hapo. Leo.